Eka 9 za kilima Pemba, tunataka mabanda ya viwanda vidogo: tusawazishe kilima au tufuate mteremko?

BintiChake
Assalaam alaykum. Naomba ushauri kwa wanaojua ardhi na ujenzi, hasa wa kwetu Pemba. Sisi ni ushirika wa watu 14. Tuna eka 9 nje kidogo ya Chake Chake. Ni zile eka tatu tatu walizogawiwa wazee watatu na serikali baada ya Mapinduzi, zimepakana, na warithi wote wameridhia. Tunataka mabanda ya kukodisha: wakaushaji na wafungashaji wa viungo, maseremala, mafundi wa kuchomelea, na mmoja anataka chumba cha baridi cha samaki. Barabara ya lami iko juu, ardhi inateremka hadi kwenye bonde la mpunga. Mpima anasema kutoka barabarani hadi ukingo wa bonde ni mita 120 hivi, na kimo kinashuka mita 12.

Mchoraji wetu wa kwanza alituletea uwanja mmoja tambarare na mabanda sita yamepangwa kama viberiti. Mchoro unapendeza, lakini kilima hakimo. Mwenye katapila naye anasema nimpe wiki tatu tu, kilima hutakiona tena. Bei yake imetutisha, na mie naiogopa masika. Tufanyeje?

Kinyasini
Waalaykum salaam dada. Kabla ya yote, maji ya mvua yanapita wapi sasa hivi?

BintiChake
Kuna vijito viwili. Kimoja kinapita katikati ya eka za mzee wa pili. Kiangazi hukioni kabisa, unadhani ni njia ya ng'ombe.

Kinyasini
Basi hapo pa kijito hapajengwi kitu, hata choo. Nimefanya kazi za barabara na yadi miaka mingi, na kijito kilichofukiwa hurudi masika ya kwanza au ya pili, tena kupitia ndani ya banda.

Sasa hesabu ya katapila. Chukua uwanja wa upana wa mita 60 kushuka na urefu wa mita 100. Mteremko wenu ni mita 1 kwa kila 10. Ukiufanya tambarare mmoja, upande wa juu unachimba mita 3, wa chini unajaza mita 3, na udongo wa kuchimba ni kama mita za ujazo 4,500. Eneo hilo hilo ukilikata ngazi mbili za mita 30, kuchimba kunashuka hadi 2,250. Nusu! Ngazi nne zingepunguza zaidi, lakini ngazi ya mita 15 lori litageukia wapi? Kwa hiyo mbili, pengine tatu.

Ngazi nazo zina gharama yake, nisikufiche. Kati ya ya juu na ya chini mtabaki na kimo cha mita 3. Ama mjenge ukuta wa kuzuia udongo, wenye kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji (ukuta usio na matundu husukumwa na maji mpaka ulale), ama muache mteremko wa majani. Wa majani, kila mita 1 ya kimo uipe mita 2 za upana, yaani mita 6 zimekwenda. Mie ningechagua majani. Eka 9 zinatosha.

FundiWete
Naongezea kwa Kinyasini. Mabanda yawekwe upande uliochimbwa, kwenye udongo wa asili. Upande wa kifusi, yaani uliojazwa, wekeni maegesho na miti. Banda likikaa nusu huku nusu kule, ukuta hupasuka pale pale mpakani, utadhani umepigwa rula. Na kifusi kishindiliwe kwa tabaka, sentimita 20 hivi kila moja, kwa maji kiasi na roli ya kushindilia. Kwanza muondoe udongo wa juu wenye mizizi. Anayemwaga kifusi chote kwa mkupuo halafu anapita juu yake na katapila, huyo hajashindilia, kapapasa.

Mtembezi77
Kwa nini msihamie Micheweni? Kule tambarare, na serikali imeshatenga eneo huru la uchumi.

MtotoWaMaweni
@Mtembezi77 mie wa huko huko. Tambarare ya juu tu hiyo. Chini ni jiwe la matumbawe, mtaro wa bomba unaweza kuhitaji nyundo ya mashine, na hatua kumi mbele unakuta tundu au pango. Maji machafu yakiingia kwenye jiwe lile hayachujiki, yanakwenda moja kwa moja kwenye maji ya visima. Kila ardhi ina shida yake. Ya dada angalau inaonekana kwa macho.

BintiChake
Ahsanteni sana. Na malori? Mwenye samaki atataka kontena la futi 40 lifike mlangoni kwake.

Kinyasini
Lori lenye mzigo mzito halipendi mteremko wa zaidi ya asilimia 6 au 8. Mkishusha barabara moja kwa moja mna asilimia 10, na ikinyesha juu ya udongo mwekundu mnajua wenyewe. Iende kimshazari: mita 12 kwa asilimia 6 ni barabara ya mita 200. Lakini la maana zaidi, kwa nini kontena lishuke? Wenye mizigo mizito na chumba cha baridi wakae ngazi ya juu, karibu na lami na nguzo za umeme. Maseremala na wafungashaji washuke chini na vigari vyao vidogo.

Maji ya kuoshea samaki yasielekezwe bondeni hata tone. Yawe na mashimo yake ya kutibu.

Kuhusu mvua: paa la mita za mraba 1,000, ikinyesha milimita 50, ni lita 50,000. Leo zinanyonywa na migomba na majani. Mkishajenga zitashuka zote kwa pamoja. Chimbeni mtaro juu ya kila ngazi, vuneni ya mapaa kwenye matangi, na chini kabisa muwe na bwawa la kutuliza matope kabla maji hayajaingia kwenye mpunga wa watu. Bwawa lichimbwe mwanzo, si mwisho, na katapila isiguse ardhi kati ya Machi na Mei.

Afisa_Mstaafu
Karatasi nazo. Eka tatu zilitolewa kwa kilimo, kwa hiyo kubadilisha matumizi kuanze mapema, kwa sheha kwanza, kiongozi wa serikali wa mtaani kwenu. Tathmini ya mazingira ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, waulizeni kwa maandishi umeme wa fezi tatu (wa mashine kubwa) mnaoweza kupata, kabla hamjaingia mkataba na mwenye chumba cha baridi. Tangu 2010 tunatumia waya wa baharini kutoka Pangani, afadhali kuliko zama za jenereta za Wesha, lakini transfoma ya mtaani ni habari nyengine.

BiMkubwa_Mkoani
Mwanangu, naona mmezungumza udongo na maji, miti hamkuitaja. Warithi wa ardhi wameridhia, je wenye miti? Kwetu ardhi ya huyu, mnazi wa yule. Na mkarafuu haukatwi bila kibali.

BintiChake
Bi mkubwa, umenishika. Mikarafuu ipo kumi na moja, yote upande wa chini, nadhani bwawa tunaweza kulisogeza tuikwepe. Lakini pale pa ngazi ya juu kuna mifenesi miwili aliyopanda marehemu mjomba wa baba, na watoto wake wako Unguja. Jumamosi tunapita na mpima kuweka vigingi kando ya kijito, na kuhusu mifenesi naanza kuwapigia simu watoto wake leo.