C200 Kompressor: mkanda peke yake, au na tensheni?

Mkazi_wa_Igoma
Wakuu, nina Mercedes C200 Kompressor, W203 yenye injini ya M271. Asubuhi nikiwasha inalia kama kuku anayekabwa, ikipata moto inatulia. Nikiwasha AC, kelele inarudi. Fundi mmoja wa Buzuruga, hapa Mwanza, anasema mkanda tu, mwingine anataka na tensheni, kile kifaa cha kuubana mkanda. Ninafikiria pia mkanda mpya na tensheni ya kuchinjwa (iliyotolewa kwenye gari jingine), ni nafuu sana. Mwezi huu naenda Geita na familia. Mnanishaurije?

Sato_wa_Kirumba
Mkanda tu mkuu. Mimi nilibadili hivyo na nadunda mpaka leo. Mafundi wetu kila kitu "badili seti".

Fundi_Mabatini
Sato, gari yako ni ipi?

Sato_wa_Kirumba
Toyota Carina TI.

Fundi_Mabatini
Ndiyo maana. Kwenye M271 mkanda mmoja unazungusha kila kitu: supachaja (inayosukumia injini hewa), alteneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi, kompresa ya AC. Ukikanyaga mafuta mlimani, supachaja inataka nguvu ghafla, na wa kuubana mkanda usiteleze ni tensheni. Springi ikichoka, hata mkanda mpya utateleza. Kelele itapotea siku chache kisha irudi. Ukikatika, stelingi inakuwa nzito, taa ya betri inawaka na maji hayazunguki. Zima gari hapohapo. Ukijikaza ufike gereji unaua silinda hedi.

Kabla ya kununua, pima. Gari ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), mulika mkono wa tensheni kwa tochi. Ukicheza kidogo ni sawa, ukirukaruka imekufa. Zima, toa mkanda, zungusha puli ya tensheni kwa kidole: ikikwaruza, beringi imekwisha. Zungusha na puli ya supachaja, maana beringi zake zikichoka zinalia vilevile na utanunua tensheni bure. Na usitafute nyufa tu kwenye mkanda. Mikanda ya siku hizi ya EPDM (aina ya mpira wa sintetiki) mara nyingi haipasuki, mpira unalika na mifereji inazidi kuzama.

Piga picha njia ya mkanda kabla hujautoa. Tafadhali.

Mama_Koku
Ya kuchinjwa mimi siitaki hata bure. Springi imechoka kiasi gani hujui, na anayekuuzia naye hajui. Shemeji yangu alifungiwa moja, beringi ikaanza kulia mapema tu, ufundi akalipa mara mbili. Agiza Dar, inapanda basi unaipokea stendi ya Nyegezi. Ila muuzaji akutumie picha ya namba iliyochapwa kwenye kifaa chenyewe, sio boksi. Boksi la kampuni kama INA au Gates mtu anaweza kujaza chochote. Kwenye mkanda, 6PK maana yake mbavu sita, tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Linganisha na wa zamani.

Sato_wa_Kirumba
Dada, na hela ya seti nzima anatoa wapi?

Mama_Koku
Anapotoa ya breakdown (gari la kuvuta) kutoka Sengerema.

Mkazi_wa_Igoma
Nimepima. Mkono unarukaruka, puli ya tensheni inakwaruza, ya supachaja iko laini. Naagiza vyote viwili. Swali: yule fundi wa kwanza alipaka sabuni ya mche na kelele ikakata. Nisafirie hivyo mpaka mzigo ufike?

Fundi_Mabatini
Sabuni inanyamazisha, haibani. Zunguka nayo mjini, Geita subiri. Siku ya kufunga, safisha puli zote na uangalie oili isiwe inavujia mkanda. Sumaku za kemshafti za M271 zina tabia hiyo. Usipoziba, mkanda mpya nao utalowa.

Wa_Busisi
Mkuu, na Range Rover Sport 5.0 ya supachaja ni hivyohivyo?

Fundi_Mabatini
Hapana, wewe una mikanda miwili. Supachaja ina wake na tensheni yake. Ukikatika huo gari inakosa nguvu, ila maji yanaendelea kuzunguka. Na ikiwa inagongagonga silensa, anza na kapulingi iliyo ndani ya pua ya supachaja, tensheni baadaye.