Spidi inasoma 1200 ila ukicheza ni kama umepanda mkokoteni, nakosea wapi?

kunguru_wa_usiku:

Wakuu habari za saa hizi. Mi najifunza kutengeneza gemu mwenyewe, sio kazi yangu, ni ya usiku tu watu wakishalala. Nimeanza na mbio za vyombo vya kuelea, vile visivyo na matairi, vya zama zijazo huko, na huu ni mwezi wa tatu bado niko kwenye barabara ya kwanza.

Tatizo ni hili. Kwenye skrini spidi inasoma kilomita 1200 kwa saa, moto wa nyuma unawaka, mngurumo nimeweka, taa za zambarau kila mahali, lakini ukishika pedi ya kuchezea ni kama mkokoteni wa punda. Nimempa binamu yangu ajaribu, akacheza raundi mbili, akaniuliza "sasa tabo unaiwasha wapi?" na wakati huo tabo, ule msukumo wa kuongeza kasi, ilikuwa imewaka tangu anaanza. Iliniuma sana asee. Nikapandisha hadi 2000, mkokoteni ni uleule ila sasa unakula ukuta kila kona. Nikarudisha.

Barabara ina upana wa mita 60, inapita katikati ya jangwa, kamera nimeiweka juu kwa nyuma ili mchezaji aone vizuri. Fremu, yani picha skrini inazochora, zinacheza 30 hadi 35 kwa sekunde. Kwa mliocheza gemu za hivi sana, utamu wake hasa unatoka wapi? Maana mi nilidhani ni spidi.

chuma_mbili:

Weka muziki mzito mkuu, mengine yatajiseti 😂

fremu_sitini:

Umejijibu mwenyewe humohumo kwenye swali. Jangwa, mita 60, kamera juu.

We umeshawahi kuona dirisha la ndege ikiwa juu ya mawingu? Chombo kinakata kilomita 900 kwa saa na wewe unaona kama kimepaki. Halafu panda pikipiki kwenye kichochoro chenye kuta pande zote, 50 tu, roho inakuwa mkononi. Jicho halisomi namba, linasoma vitu vinavyolipita, na vikiwa karibu zaidi ndo vinapita kwa fujo zaidi. Wewe umempa mtu jangwa, atalinganisha na nini sasa? Na kamera umeipandisha mbali na ardhi, yani umemuweka kwenye hilohilo dirisha la ndege.

Shusha kamera, karibu ikae kwenye mkia wa chombo. Bana barabara, mita 15 hadi 20 inatosha vyombo viwili vipishane kwa kusuguana. Weka kuta, nguzo, matao ya kupita chini yake, mistari kwenye sakafu. Pembe ya kuona ya kamera ianze kawaida halafu ipanuke kidogo tabo inapowaka, vitu vya pembeni vinavutika na mtu anahisi amerushwa. Kidogo tu lakini, ukizidisha chombo kinaonekana kama sisimizi aliyeko mwisho wa bomba.

Sasa fremu. 1200 kwa saa ni mita 333 kila sekunde. Kwa fremu 30 chombo chako kinaruka mita 11 kati ya picha moja na inayofuata, mtu haoni mwendo, anaona picha zilizobandikwa. Kwa 60 ni mita 5 na nusu na vidole vinajibiwa haraka zaidi. Hili sio jambo la urembo. F-Zero X, gemu ya mbio kama yako ya mwaka 1998 kwenye mashine ya Nintendo 64, ilikuwa na vyombo 30 barabarani kwa mpigo na fremu 60, na ukiiangalia leo mazingira yake ni matupu, vyombo vyenyewe vimechongwa kwa pande chache kama maboksi. Walichagua. Wipeout HD nayo, gemu nyingine ya hivyohivyo ya mwaka 2008, mambo yakizidi skrini inapunguza pikseli kimyakimya ili fremu zisishuke, na wengi wamecheza miaka bila kugundua. Kwa hiyo toa vivuli, toa mchanga unaopepea, toa chochote, ila 60 uipate.

mzee_wa_pedi:

Fremu_sitini kasema kweli tupu ila kajibu nusu. Hayo yote yanakupa gemu inayoonekana ya kasi. Tamu ni habari nyingine mdogo wangu.

Mi nimeanza na ile F-Zero ya kwanza ya 1990. Ile barabara ilikuwa ni picha moja bapa imelazwa na inazungushwa chini yako, ile mbinu yao ya Mode 7, hakuna kilima hakuna bonde, na bado kijasho chembamba kilikuwa kinatoka. Kwa nini? Kwa sababu kukosea kulikuwa na bei. Ukuta unakula nguvu za chombo, zikiisha umelipuka, nenda nyumbani.

Sasa angalia walichofanya kwenye F-Zero X. Kuanzia raundi ya pili unaruhusiwa kuwasha tabo muda wowote unaotaka, lakini tabo inakunywa zile nguvu zilezile zinazokulinda usilipuke. Uhai wako na mafuta yako viko kwenye tenki moja! Hebu fikiria, raundi ya mwisho, uko wa tatu, mstari wa nguvu umebaki kama kucha, mbele kuna barabara nyoofu halafu kona kali. Unawasha au huwashi? Ukiwasha unampita jamaa lakini ukigusa ukuta tu kwisha habari yako. Huo uamuzi unaufanya kwa sekunde moja na unaurudia kila raundi, na mi nakwambia hapo ndo penye gemu, hizo taa za zambarau ni nguo tu. Ile F-Zero GX ya 2003 waliyotengeneza watu wa Sega kwa ajili ya Nintendo iliendeleza hivyohivyo, na ugumu wake mpaka leo watu wanausimulia.

Ila bei nayo ina kipimo. Wipeout ya kwanza, 1995, ukigusa ukuta chombo kinakaribia kusimama kabisa. Jamaa zangu wengi waliishia hapo wakarudisha diski. Ilipokuja Wipeout 2097 mwaka uliofuata wakailegeza, unaukwangua ukuta unapoteza mwendo unaendelea, na ndo ikapendwa. Adhabu iwe ya kumfanya mtu aseme "daah, tena!" sio ya kumfanya azime.

Kwa hiyo kwanza niambie, kwenye gemu yako mtu akikanyaga mafuta mwanzo mwisho bila kuachia, anapoteza nini?

kunguru_wa_usiku:

Mzee… hapotezi kitu 🙈

mzee_wa_pedi:

Haya.

bi_kivuli:

Naomba nipingane na mzee kidogo kwa heshima zote. Hiyo ya kulipuka mi sijawahi kuipenda, napenda kucheza peke yangu na saa. Washindani wote toa, silaha toa, niachie barabara na kivuli cha raundi yangu bora ya jana, yani chombo kinachorudia nilivyoendesha, kinikimbie mbele. Kuna barabara moja kwenye Wipeout HD nimeirudia sijui mara mia ngapi na utamu wake ni kwamba mwanzoni nilikuwa naiona kona nafunga breki kwa woga, baadaye nikaanza kuingia nayo mapema, baadaye mkono ukawa unakata kona kabla hata mi sijafikiria, yani najikuta nimeshatoka upande wa pili na sikumbuki nilifanya nini. Hapo siondoki hata uniite kula.

Kwa hiyo kwangu mimi barabara lazima iwe ya kufundishika. Kona ijulikane inakuja. Kwa hesabu za fremu_sitini, mita 333 kwa sekunde, ukitaka kumpa mtu sekunde mbili za kujipanga basi kona aione kutoka zaidi ya mita 600, la sivyo humpimi uwezo, unampima kumbukumbu. Sio lazima aione kona yenyewe, mpe dalili, taa zibadilike rangi, ukuta uanze kuinama, tao kubwa lisimame pale pa kuanzia breki. Nikila ukuta nijue ni mimi.

Na zile breki za hewa za kushoto na kulia tafadhali usizisahau. Kwenye Wipeout kila kidole kina upande wake, unashika ya kushoto pua inaingia kushoto huku mkia unateleza, unaachia, unakamata ya kulia kunyoosha. Chombo lazima kiteleze kidogo hata ukiwa umeshageuza, kinaelea bwana, hakina tairi la kushika lami! Kikikata kona kama kiko kwenye reli utamu wote umekwenda. Sijui chako kimekaaje.

Lingine, sitaki kuona wapinzani waliofungwa kamba ya mpira. Zile gemu ambazo unaendesha raundi tatu safi kabisa na jamaa wa pili yuko mgongoni kwako vilevile kama wakati umegonga mara tano. Nikigundua hilo huwa naifuta siku hiyohiyo.

fremu_sitini:

Bi_kivuli umenena. Halafu hapo kwenye kona, usihangaike na uhalisia mkuu. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 500 kwa spidi yako inamkandamiza rubani kwa zaidi ya mara 20 ya uzito wake, binadamu wa kweli angekuwa uji. Hakuna atakayelalamika.

tone_la_mwanga:

Mi nagusia tu kitu ambacho hamjakigusa. Taa. Umesema zambarau kila mahali, sasa ukiongeza nguzo zinazowaka zinapita puani kwa kasi hiyo unatengeneza mwanga wa kupepesa, na kuna watu mwanga wa hivyo unawaletea kifafa, sio utani. Hiyohiyo Wipeout HD inayotajwa hapa ilicheleweshwa kutoka kwa sababu ilifeli kipimo cha mwanga wa kifafa, wakalazimika kuirekebisha kwanza. Na weka sehemu ya kuzima mtikisiko wa kamera, mimi kizunguzungu kinanishika dakika ya tano tu.

chuma_mbili:

Ila muziki jamani nilikuwa nasema kweli. Wipeout ya kwanza haikuwa gemu tu, ilikuwa disko. Wipeout 2097 ilikuwa na makundi ya muziki wa elektroniki, Prodigy na Chemical Brothers, humo ndani. Mdundo ukiwa wa kasi mtu anakanyaga hata pasipotakiwa. Na mlio wa upepo uwe unaongezeka kadiri spidi inavyopanda, kisha ukiruka hewani ukate ghafla, kimya, halafu dufu ukitua. Jaribu hilo moja tu.

kunguru_wa_usiku:

Nimerudi wakuu, samahani kwa kupotea, siku tisa nilikuwa nabomoa.

Jangwa limekufa. Barabara sasa ni mita 18 ndani ya korongo, kamera imeshuka, vivuli vimetoka, fremu 60 zimetulia. Tenki nimefanya moja kama alivyosema mzee. Ila kuna kioja, kwa ulafi wangu niliweka nguzo kila mita 6 pande zote nikijua ndo kasi itaua mtu, nikawasha… nguzo zinakwenda mbele!! Yani nakimbia 1200 na nguzo zinanikimbia taratibu kama zinaniaga. Nikadhani nimeharibu kila kitu.

fremu_sitini:

😂😂 Hapana hujaharibu. Kila fremu unasogea mita 5 na nusu na ushee, nguzo ziko kila mita 6. Kwa hiyo kila picha mpya inakuta nguzo inayofuata imesimama karibu palepale ilipokuwa ile ya kwanza, imebakiza kidogo kufika, jicho linaziona ni nguzo moja inayorudi mbele. Ni kama rimu za gari kwenye video zinavyozunguka kinyume. Zipeleke kila mita 40, zitapita nane kwa sekunde, jicho linazimudu.

kunguru_wa_usiku:

Nimeweka 40, imekubali. Taa nimezipoza pia, nguzo haziwaki tena, zimepakwa rangi tu.

Jana usiku nimempa binamu pedi bila kumwambia chochote. Spidi ni ileile 1200, sijaongeza hata moja. Raundi ya kwanza kala ukuta mara nne. Ya pili kawasha tabo kwenye kona ya tatu akiwa na nguvu kama robo, kalipuka, karusha mto. Akaanza upya. Kuna mahali alikuwa anainama na mwili mzima kushoto kama yuko juu ya pikipiki, nikataka kucheka nikajizuia. Aliondoka saa tisa usiku na hakuuliza tabo iko wapi.

Shida iliyobaki ni moja. Raundi yake bora ni sekunde 47. Yangu mimi niliyeitengeneza ni 49 na nusu na nimejaribu tangu asubuhi. Kona ya tatu siiwezi. Nafikiria kuipanua kidogo.

mzee_wa_pedi:

Usiiguse hiyo kona.

bi_kivuli:

Washa kivuli chake umfukuze. Na breki ya kushoto ishike mapema kuliko unavyodhani.