Kutoka Nairobi hadi Berlin: msafiri Mwafrika ajiandae vipi?

Msafiri wa Rongai anauliza:
Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi ujao ninatoka Nairobi kwenda Berlin kwa mafunzo, nikibadilisha ndege Frankfurt. Viza nimeshapata. Kinachonisumbua ni masimulizi ya Waafrika wanaotolewa kwenye foleni na kuhojiwa kando huku wenzao wakipita. Nina rasta ndefu na nitakuwa peke yangu. Naomba wenye uzoefu wanieleze namna ya kusafiri salama bila kuvunjiwa heshima.

Mkaazi wa Buruburu anajibu:
Dada, wasiwasi wako una msingi. Ukaguzi wa pasipoti hufanyika pale unapoingia kwanza eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti baina yao), yaani Frankfurt kwa safari yako, kwa hiyo acha saa za kutosha kabla ya ndege ya pili. Viza pekee haikuhakikishii kuingia; ofisa anaweza kukuuliza unakwenda kufanya nini, utalala wapi na utajikimu kwa fedha gani. Chapisha barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi, hati ya malazi na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, uziweke kwenye mkoba wa mkononi, kwa maana simu huzimika wakati mbaya. Ukikataliwa kuingia, sheria inawalazimu kukupa fomu yenye sababu, nawe una haki ya kukata rufaa. Usitie sahihi usichokielewa.

Kuhusu rasta, mkaguzi wa usalama huenda akataka kuzipapasa. Kabla mkono haujafika kichwani, omba kwa sauti tulivu ukaguliwe na mwanamke, katika chumba cha faragha. Ombi hilo si ukaidi.

Mwanafunzi wa zamani wa Berlin anaongeza:
Naafiki, ila kwa maoni yangu mtihani mkubwa huwa mjini. Tiketi ya karatasi ya treni lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na faini ni yuro 60. Usiwape kisingizio.

Ukibaguliwa hotelini au dukani, ipo sheria ya usawa ya Ujerumani ya mwaka 2006, lakini madai hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi miwili. Jimbo la Berlin lilitunga sheria yake mwaka 2020, ambayo inazihusu taasisi za umma za jimbo hilo, polisi wake wakiwamo. Kwa hiyo andika papo hapo saa, mahali, namba ya treni na maneno yaliyotamkwa, tena umwombe shahidi mawasiliano yake; malalamiko yasiyo na maelezo hayo hayafiki mbali.

Utapata faraja pia, dada. Nenda eneo la Berlin liitwalo Wedding, kwenye mtaa wa Waafrika, ambako sehemu ya barabara iliyopewa awali jina la Carl Peters, aliyeitwaa Tanganyika kwa ukatili, tangu mwaka 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee.

Msafiri wa Rongai:
Nawashukuru sana. Je, nikipanda treni kwenda Prague mwishoni mwa wiki, nakala ya pasipoti itatosha?

Mkaazi wa Buruburu:
Haitoshi. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu mnamo Septemba 2024, kwa hiyo beba pasipoti yenyewe, na nakala uiache chumbani. Hakikisha pia kwamba viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja iwapo utatoka nje ya Schengen. Prague imo ndani.