Sanduku Moja kutoka Hamburg

Kikundi: Nyumba ya Kibokoni

JUMAMOSI

Dada Msafiri: Assalaam aleikum nyote. Tumeingia Hamburg jana magharibi, salama salimini. Pikipiki zote mbili zinawaka kwa kiki moja. Barabara imekwisha, sasa imebaki kuzirudisha Mombasa. Nahitaji vichwa vyenu, hasa mjomba na binamu.

Mama: Waaleikum salaam mwanangu. Alhamdulillahi. Mumeo mzima? Mmekula?

Dada Msafiri: Wazima sote, mama. Leo tumepata wali na mchuzi kwa Wasomali karibu na stesheni.

Shangazi Maskati: Mashaallah! Kutoka mlangoni kwangu hapa Maskati mpaka Nordkapp, kaskazini kabisa mwa Norway, kwa pikipiki za Boxer! Ile picha ya mwamba nimewaonyesha majirani wote.

Kaka Mkubwa: Hongereni sana. Lakini niseme la moyoni. Hizo ni Boxer, si pikipiki za mamilioni. Nauli ya kuzileta itakaribia bei ya mpya dukani. Ziuzeni huko, pandeni ndege, mtanunua nyingine hapa.

Shemeji: Shikamoo kaka. Wazo hilo tulilipima. Huku Ulaya zimeingia kwa ruhusa ya mgeni, miezi 6, kwa matumizi yetu sisi wenyewe tu. Ukitaka kuuza ulipe kwanza ushuru wa forodha na kodi ya mauzo, ambayo Ujerumani ni asilimia 19. Halafu mnunuzi aisajili vipi? Pikipiki iliyoundwa kwa soko letu haina cheti cha viwango vyao vya moshi, Euro 5. Atanunua vyuma tu.

Kaka Mkubwa: Marahaba. Hilo la cheti sikulijua.

Dada Msafiri: Na hata ingewezekana, kaka, mimi siuzi. Pikipiki hii imepanda milima ya Oman, imevuka jangwa la Saudia, imenifikisha nyuzi 71 kaskazini mwezi wa Julai jua likiwa halitui. Mafundi wa bodaboda wa Majengo ndio walionifundisha kuifungua na kuifunga. Nataka waione imerudi, waiguse.

Mama: Muacheni mwanangu arudi na chake.

Binamu Bandarini: Shikamooni wakubwa. Kaka, kuna na lile la dhamana uliyowawekea AA, chama cha wenye magari. Kile kitabu cha forodha walichosafiria ndicho ahadi kwamba pikipiki haziuzwi njiani. Nchi inayokitumia hung'oa kipande mkiingia na kipande kingine mkitoka, na kishina kinachobaki kitabuni hugongwa mihuri miwili. Ukikosekana muhuri wa kutoka hata mmoja, forodha ya nchi hiyo inaweza kudai ushuru kana kwamba pikipiki ilibaki kule. Wataanza na AA, na AA watakuja kwako. Dada, nipigie picha kila ukurasa.

Dada Msafiri: [picha 8] Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Jordan. Kuingia na kutoka, yote ipo. Kuna mpaka mmoja afisa alitaka tupite hivihivi kwa kutuonea huruma na jua. Mume wangu alikataa kuondoka dirishani mpaka muhuri ugongwe.

Binamu Bandarini: Mpe hongera zangu. Muhuri ule ni pesa za kaka.

Kaka Mkubwa: Kitabu kinaisha lini?

Dada Msafiri: Novemba. Kilikuwa cha mwaka mmoja.

Mjomba Baharia: Hapo ndipo nina neno. Zamani meli ya Hamburg ikija kwetu ilishuka Suez, ikapita Bahari ya Sham na Bab el Mandeb, ikatokea Aden. Tangu mwisho wa 2023, baada ya Wahouthi wa Yemen kuiteka meli ya Galaxy Leader mwezi wa Novemba, kampuni kubwa nyingi zilizihamishia meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Maana yake pikipiki zenu zinaweza kushuka Atlantiki yote, zikazunguka Afrika Kusini, ndipo zipande na Msumbiji. Hesabuni wiki moja mpaka mbili juu ya muda wa zamani. Kontena likishushwa bandari ya katikati kungoja meli nyingine, ongezeni tena. Mimi Novemba hiyo siitegemei.

Binamu Bandarini: Muda wa kitabu huongezwa, lakini maombi yafike AA kabla hakijaisha. Kikishaisha ni shughuli nyingine. Kaka, Jumatatu ukiweza pita pale na barua, dada ataituma leo.

Kaka Mkubwa: Nitapita.

Mama: Kwani ndege haipakii pikipiki? Si mje nazo pamoja, yaishe?

Shemeji: Inapakia, mama. Lakini ndege haitozi kilo za mzani peke yake, inatazama na nafasi mzigo unayokula. Ujazo wa sanduku kwa sentimita unagawanywa kwa 6,000, na jibu likizidi kilo za mzani ndilo unalolipia. Sanduku letu likiwa la mita 2.09 za ujazo, tutatozwa kama kilo 348, ingawa pikipiki zote mbili na sanduku hazifiki hapo. Tena pikipiki ndegeni huhesabiwa mzigo wa hatari, daraja la 9, kwa sababu ya mafuta na betri. Karatasi zake zina bei yake. Tumeuliza, ni ghali mno.

Mama: Basi ije na bahari, Mungu ailinde.

Kitindamimba: Shemeji, hiyo 2.09 imetoka wapi? Boxer mbili!

Shemeji: Ndiyo kazi tuliyoifanya leo mchana kutwa 😀 Melini pia tunatozwa kwa ujazo, kila mita moja ya ujazo au tani moja, kipi kimezidi. Pikipiki haiwezi kuzidi kwa uzito, kwa hiyo kila sentimita ni pesa. Ukiisimamisha nzima na vioo vyake unahitaji sanduku la 2.1 kwa 0.85 kwa 1.25, ambalo ni mita 2.23, na mbili ni 4.46. Sisi tumetoa tairi za mbele, tumelegeza usukani na kuulaza juu ya tangi, tumeng'oa vioo na keria, tumezipanga moja inatazama huku na ya pili kule. Zimeingia katika 1.9 kwa 1.0 kwa 1.1. Tumepunguza zaidi ya nusu.

Kitindamimba: Sanduku mmelipata wapi?

Dada Msafiri: Kwa muuza pikipiki. Mpya zinamfikia ndani ya fremu za chuma, akishazitoa fremu zinakuwa takataka kwake. Alitupa bure, akatuazima na spana.

Binamu Bandarini: Chuma ni bora zaidi. Ingekuwa mbao mbichi ningewazuia. Mbao za kufungia mzigo wa kimataifa lazima ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na zina muhuri wa shuke la ngano. Mzigo ukija na mbao zisizo na muhuri, unaweza kuzuiliwa hapa kwa ajili ya wadudu. Mkiongeza hata ubao mmoja wa chini, utazameni muhuri wake.

JUMAPILI

Dada Msafiri: Sasa bei. Tumepata mawakala wawili. Wa kwanza anatoza karibu nusu ya wa pili kwa mzigo uleule. Mume wangu anavutwa na wa kwanza.

Binamu Bandarini: Subirini kabisa. Msitie saini leo.

Binamu Bandarini: Dada, hapa ndipo watu wanapoumia na ndipo ninapoona machozi kila mwezi. Mzigo wenu haujazi kontena, utachanganywa na ya wengine. Anayekusanya mizigo hiyo anashindana na wenzake huko Hamburg, kwa hiyo bei ya kuvuka bahari anaishusha sana. Pesa yake anaitafuta huku. Kontena likifika Kilindini linapelekwa ghala la nje ya bandari, linafunguliwa, mizigo inatenganishwa. Utalipia kushusha, utalipia kufungua, utalipia hati ya kuruhusiwa kuchukua, utalipia ghala kwa siku, utalipia kuinua na kupakia lorini. Kila moja ina ankara yake, na wakati huo huna pa kukimbilia kwa sababu mzigo wako umo ndani. Nimeona mtu amelipa ada za Mombasa kubwa kuliko nauli ya bahari nzima.

Binamu Bandarini: Waandikieni wote wawili swali moja: "Mpaka mzigo utoke getini Mombasa, nitalipa nini na nini, kwa nani?" Majibu yaje kwa maandishi. Asiyejibu, muacheni.

Shemeji: Nimeandika.

Mjomba Baharia: Na bima je? Msidharau kwa kuwa ni Boxer. Mwaka 2021 meli ya Ever Given ilipokwama Suez, kuanzia Machi 23 hadi 29, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja. Ni sheria ya bahari ya tangu kale: gharama ikitumika kuiokoa meli iliyo hatarini, wenye mizigo wote huchangia kwa kadiri ya thamani ya mali zao, hata kama mzigo wako haukuguswa. Usipoweka dhamana hupewi mzigo. Mwenye bima, bima humwekea. Asiye nayo hutoa mfukoni. Nimefanya kazi baharini maisha yangu yote, mzigo bila bima singeupakia.

Dada Msafiri: Tutakata, mjomba. Na matayarisho?

Mjomba Baharia: Chuma kinachotoka baridi kwenda joto ndani ya kontena hutoa jasho. Maji hukusanyika kwenye dari na kudondoka. Pakeni oili kwenye kila kilicho wazi, cheni ipate grisi, ekzosi izibwe kwa kitambaa. Msiifunge nailoni ikaikaba, itafungia maji ndani. Tangi likaushwe, betri itolewe nyaya na vichwa vyake vifunikwe. Mikanda msiivute mpaka shoki zikalala kabisa. Safari ya wiki nyingi katika hali hiyo inapasua sili. Zishuke nusu tu.

Shangazi Maskati: Na ule mtungi wa gesi ya kupikia niliowapa?

Dada Msafiri: Tumeugawa, shangazi. Gesi haipandi. Helmeti na nguo tunakuja nazo wenyewe.

JUMATATU

Shemeji: Majibu yamefika. Wa bei nafuu amesema ada za Mombasa "zitajulikana mzigo ukifika". Wa pili ametaja kila kitu, pamoja na jina la ghala. Ukijumlisha vyote anavyotaja, bado tunamudu. Tumeenda na wa pili.

Kaka Mkubwa: Vizuri sana. Na mimi nimetoka AA, barua ya kuongeza muda wa kitabu wameipokea.

Binamu Bandarini: Sasa la mwisho kabla hamjapanda ndege. Pikipiki hizi zina namba za Kenya na zilitoka hapahapa. Zinarudi kwao, haziagizwi. Lakini forodha inasoma karatasi. Nataka logibuku zote mbili, kitabu cha forodha, na ile hati ya kutokea tuliyojaza Kilindini mlipokuwa mnaondoka. Namba ya chesisi katika hati ya shehena ifanane tarakimu kwa tarakimu na ya logibuku, na jina la mpokeaji liwe kama la pasipoti. Vikipishana, wanaweza kuzihesabu mali mpya, na ushuru wa pikipiki Afrika Mashariki ni asilimia 25 kabla hujafika VAT ya asilimia 16.

Dada Msafiri: Wameandika O mahali pa sifuri kwenye chesisi ya mume wangu. Nimeiona sasa hivi.

Binamu Bandarini: Irekebishwe leo, kabla meli haijaondoka. Baada ya hapo kila herufi ina ada.

Dada Msafiri: [picha] Imerekebishwa. Hati za shehena za asili tumepewa tatu.

Binamu Bandarini: Zote ni za mzigo uleule. Moja ikitumika kutolea mzigo, zilizobaki hazina nguvu tena. Lakini zisizagae, njooni nazo mkononi.

WIKI ZA MELI

Kitindamimba: Imepita Cape Town leo. Nimeiona kwenye ramani ya meli.

Mama: Na wao wako hapa wamekaa barazani wanaitazama simu kutwa. Nimewaambia wale kwanza.

Mjomba Baharia: Bado Durban, na njiani mkondo wa Agulhas unaisukuma meli kinyume. Msiihesabie siku.

JUMATANO, DESEMBA

Binamu Bandarini: Kontena limefunguliwa. Tumeruhusiwa kuingia ghalani. Fremu haikupinda, hakuna kilichoibiwa.

Mama: Alhamdulillahi! Sauti yake je?

Dada Msafiri: Bado mama, tunafunga tairi. Kuna kutu kidogo kwenye skrubu za breki, kwingine kukavu kabisa. Oili ya mjomba imefanya kazi.

Shemeji: Ada zimelingana na zile za kwenye karatasi ya wakala, isipokuwa siku moja ya ghala. Tumelipa.

Kaka Mkubwa: Na forodha?

Binamu Bandarini: Afisa amelinganisha chesisi zote mbili kwa tochi, akakubali kwamba ni mali iliyorejea nchini. Hakuna ushuru. Kitabu kimegongwa muhuri wa kurudi nchini, nimesimama pale mpaka wino ukakauka.

Dada Msafiri: Yangu imewaka. Ya mume wangu inataka plagi mpya. Tunapita Majengo kwanza kwa mafundi, halafu tunakuja.

Kaka Mkubwa: Njooni na kitabu. Kesho saa tatu nakipeleka AA mwenyewe.