Tunaishi ndani ya mashua: tuingie mashindano ya kirafiki au tubaki nangani?

Zuhura_Horini
Wenzangu, salaam. Mimi, mume wangu na watoto wawili tunaishi ndani ya mashua ya matanga ya futi 38. Tumetia nanga hori ya Kilifi, na kaskazi hii tunataka kushuka hadi Pemba. Majirani zetu wa nangani wameandaa mashindano Jumamosi ijayo: kuzunguka maboya humu humu horini, hakuna kiingilio, jioni watu wale samaki wa kupaka pamoja. Mume wangu ana hamu sana. Mimi nasita, kwa sababu hii ndiyo nyumba yetu. Vyombo, vitabu vya watoto, mitungi ya gesi, vyote vimo humu. Tukigongwa tutalala wapi? Nishaurini.

MzeeWaTezi
Mwanangu Zuhura, ingieni, lakini kwanza toa karatasi za bima uzisome. Bima nyingi za mashua za matembezi haziingizi mashindano, hata yakiitwa ya kirafiki. Nyingine hulipa mwili wa mashua lakini si mlingoti wala matanga. Waandikieni leo, na jibu lao liwe la maandishi.

Fundi_Mtwapa
Dada, chini safi ya mashua huleta kasi kuliko tanga jipya. Kama mmekaa nangani muda, magugu na makombe yameshaota. Piga mbizi maji yakiwa yamesimama, kati ya kujaa na kupwa, kwangua mkuku (uti wa chini wa mashua), usukani na hasa propela. Halafu punguza uzito: lita 400 za maji ni kilo 400 mnazozibeba bure. Madumu ya dizeli ya akiba na baiskeli mwachieni jirani asiyeshindana, na kidau kiacheni kwenye boya, msikiburute. Ila nanga na mnyororo visiguswe. Upepo ukikata karibu na mwamba, nanga ndiyo itakayowashika.

BintiBaharia
Shoga, hofu yako ya kugongwa ina haki, na mahali pake ni kwenye mstari wa kuanzia. Kuna ishara ya dakika 5, kisha ya 4, kisha ya 1, halafu mnaondoka. Fuateni bendera, honi inaweza isisikike. Mashua zote hujazana pale zikigombea nafasi, na yenu nzito haisimami upesi. Kaeni nyuma, vukeni mstari sekunde 30 baada ya wengine. Mtapoteza kidogo tu, na mtapata upepo safi.

Sheria tatu mzijue kwa moyo. Mnapokutana mmoja upepo unamjia kulia na mwingine kushoto, wa kushoto ampishe wa kulia. Upepo ukiwajia nyote upande mmoja, aliye juu, yaani upande upepo unakotoka, ampishe aliye chini. Anayekuja nyuma ajiepushe na aliye mbele. Juu ya zote hizo, hata ukiwa na haki, kwepa mgongano ukiweza. Mnapopiga bisho, yaani kupandisha upepo kwa kupindapinda, mtu mmoja kazi yake iwe kuchungulia chini ya tanga la mbele, maana pale nahodha haoni.

Zuhura_Horini
Shikamoo mzee, asanteni nyote. Na watoto je? Mkubwa ana miaka 9, mdogo 5. Pia mume wangu anauliza kama kuna maana yoyote kushindana na vimashua vyepesi.

MzeeWaTezi
Marahaba. Wa miaka 9 mpe saa na kazi ya kuhesabu dakika za kuanza, jaketi la kuokolea mwilini. Mdogo abaki pwani na mtu mnayemwamini. Mikono yenu itakuwa kwenye kamba.

Fundi_Mtwapa
Maana ipo, kama waandaaji wanapiga hesabu ya nambari za mashua: kila aina ina nambari yake, na ya polepole huwa na kubwa zaidi. Muda wako unazidishwa kwa 1000, unagawanywa kwa nambari yako. Nyie wa nambari 1100 mkitumia dakika 66, inakuwa 60. Chepesi cha nambari 950 kikitumia dakika 60, inakuwa 63 na kidogo. Kimewatangulia kwenye boya, ninyi mmekishinda. Muulizeni mwandaaji kabla ya Jumamosi.

Zuhura_Horini
Barua ya bima nimeituma sasa hivi. Wakikubali, tunaingia. Wakikataa, nitaomba tukae kwenye mashua ya mstari wa kuanzia tushike bendera. Kesho asubuhi maji yakisimama mume wangu anaingia chini kukwangua. Fundi, kwa propela ya shaba atumie kifaa gani asiikwaruze?

Fundi_Mtwapa
Kipande cha mbao ngumu kilichochongwa ncha, amalizie na sponji ya kusugulia sufuria. Injini izimwe na ufunguo akae nao mwenyewe.