Wenye vidonda vya utumbo mpana, nani amewahi kuganda damu? Tupeane uzoefu

Kipara Mtulivu: Wakuu, leo jamaa kazini kaja na mguu mmoja umevimba, anasema kateguka. Mwili ukanisisimka. Mwaka ule nimelazwa na utumbo, kila nikienda chooni ni damu, nesi akaleta sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande. Kaka yangu akang'aka: "Mtu anavuja damu, mnamwongezea dawa ya kuifanya nyepesi?" Ikaachwa. Hazikupita siku nyingi paja la kushoto likajaa, linang'aa, ukiligusa la moto. Kupigwa utrasaundi, bonge la damu limeziba mshipa. Kaka mpaka leo anasingizia dripu.

Mama Pacha: Mimi kigimbi. Nikachuliwa na mafuta ya karafuu weee!

Mtaa wa Saba: Kaka alikuwa sahihi. Wanapenda sana sindano.

Nesi Asiye Zamu: Hakuwa sahihi. Ugonjwa wenyewe unaifanya damu igande kirahisi, mara 2 hadi 3 ya mtu wa kawaida, na ukichachamaa hatari inazidi. Hapo umeharisha maji yameisha, umelala tu, na steroidi, dawa za kutuliza utumbo, juu. Ndiyo maana waliolazwa hupewa heparini, hiyo sindano ya kuzuia damu isigande, hata choo kikiwa na damu, labda iwe inamwagika ya kutishia maisha.

Mtaa wa Saba: Nesi gani yuko humu saa hizi?

Nesi Asiye Zamu: Soma jina.

Binti Rungwe: Nyie mna miguu. Mimi nimetoka Mbeya kwa basi, utumbo umewaka, sinywi maji ili nisisumbue watu na choo. Tunaingia Mikumi, kifua kikachoma upande mmoja, pumzi haishuki. Mama wa siti ya pili akaanza kukemea pepo, konda anasema ni gesi, kijana mmoja yeye anarekodi tembo. Nilipokohoa damu ndipo dereva akakanyaga mafuta mpaka Morogoro. Bonge lilikuwa limepanda kwenye mapafu.

Mama Pacha: Mungu wangu! Na pepo likatoka?

Binti Rungwe: Lilitolewa na oksijeni, dada.

Mzee wa Tiba: Kitunguu saumu asubuhi na jioni, damu haigandi.

Kipara Mtulivu: Mzee, aliye kwenye warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, akifuata hilo anaweza kuvuja damu. Mimi niliambiwa niache kisamvu na matembele.

Nesi Asiye Zamu: Usiache. Kula kiasi kilekile siku zote ili vipimo vya damu vya warfarini visiyumbe. Na mguu ukiuma msikimbilie diklofenaki ya maumivu, inaweza kuuamsha utumbo.

Mtaa wa Saba: Sasa tule nini, mawe?

Mama Pacha: Vidonge vya uzazi wa mpango je?

Nesi Asiye Zamu: Vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda. Mwambie daktari una ugonjwa wa utumbo kabla hajakuandikia.

Mtaa wa Saba: Binti Rungwe, mzigo uliupata?

Binti Rungwe: Gunia la viazi lilifika Mbezi salama. Shemeji akalila lote.