Nani atamwagilia maua tukiwa nyumbani? (na barua ya Hausverwaltung, wasimamizi wa jumba)

Mama Wawili, Hannover

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jamani nimepata barua asubuhi na tangu niisome hata chai haishuki. Mnakumbuka mwezi wa saba nilikwenda Lushoto wiki sita kumuuguza baba. Ufunguo nikamwachia kijana mmoja mwanafunzi, mtoto wa kwetu kabisa, amwagilie maua. Nilimwambia mara moja kwa wiki, kidogo. Yeye kwa huruma yake, na lile joto, akawa anamwaga kila siku mpaka visahani vikafurika, maji yakapita chini ya laminati yakatokea kwenye dari ya bibi wa chini. Sasa Hausverwaltung wanataka euro 1,380 za dari na wamenipa siku 14. Kijana ana haftpflicht yake (bima ya hasara unayomsababishia mtu) na mimi nina yangu, sasa naripoti mimi au anaripoti yeye? Halafu tarehe 3 mwezi wa 12 naondoka tena, ni arobaini ya baba, na sasa naogopa kumpa mtu ufunguo.

Baba Zawadi, Leipzig

Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee wetu. Hiyo ni bima ya Hausrat, ya vitu vya ndani, wapigie kesho asubuhi. Mimi bomba la mashine ya kufulia lilipochomoka walinilipa zulia na kabati, sikubishana na mtu.

Mzee wa Pangani, Bremen

Baba Zawadi tafadhali usimpoteze mwenzio. Hausrat ni vitu vyako wewe mwenyewe, zulia lako, kabati lako. Dari ni mali ya mwenye nyumba. Hapa ni haftpflicht, na ni ya kijana. Kesi ipo, BGH, mahakama ya juu ya kesi za madai hapa, Aprili 2016, VI ZR 467/15. Mtu alikuwa Reha, matibabu ya kurejesha nguvu, jirani yake akamwagilia bustani kwa mpira, alipomaliza akafunga pale mdomoni tu bomba akaliacha wazi, usiku mpira ukachomoka maji yakaingia mpaka chini ya nyumba, hasara zaidi ya euro 11,000. Mahakama ikasema hata kama ulisaidia bure, na haftpflicht unayo, unawajibika. Mwisho wa maneno.

Njeri, Köln

Shikamoo mzee, lakini si mwisho wa maneno. Huyo alikuwa jirani kwa bustani, huyu dada ni mpangaji na barua imekuja kwa jina lake, mwenye nyumba anamjua yeye, hamjui kijana. Pia kuna policy za kitambo hazilipi Gefälligkeitsschaden, yaani hasara uliyofanya ukimsaidia mtu bure, lazima kijana asome zake kwanza. Na dada, usiandike popote "ni kosa letu" kabla hujaongea na insurance.

Mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa na sukuma wiki kwa balkoni, ndoo nne, mbegu nilitoa Nakuru. Nikaenda nyumbani wiki mbili na Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya muda ukingoja kibali cha kukaa, sikuangalia kumbe ni ya kifungu cha 81 Abs. 3, isiyokuruhusu kurudi, si Abs. 4, wakati wa kurudi nikakataliwa kupanda ndege, nikakaa wiki nane nikingoja visa. Kurudi nilipata vijiti. Nililia juu ya sukuma kuliko nilivyolilia hiyo tiketi. Watu wa ABH, ofisi ya wageni, walinipea hiyo karatasi bila kusema neno, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mama Nasra, Berlin

Nyie mnapigana na vifungu na dada ameuliza na maua. Mama Wawili, usimpe mtu ufunguo, tumia utambi. Chukua uzi wa nailoni wa kufumia, upitishe kwenye tundu la chini ya kopo mpaka uguse udongo vizuri, ncha ya pili itumbukie kwenye bakuli la maji lililokaa chini ya kopo. Mmea unanyonya wenyewe kadiri ya kiu yake, hakuna cha kufurika. Loweka uzi kwanza, na ujaribu wiki nzima kabla hujasafiri, sio siku ya begi. Makopo makubwa fanya kama mtungi wa bibi zetu, si unajua mtungi unavyotoa jasho? Chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, ziba tundu lake kwa nta, kifukie kwenye udongo, jaza maji, funika. Na yaondoe dirishani, manake hita iko pale pale chini na mwezi wa 12 itayakausha. Ni maua gani lakini?

Mama Wawili, Hannover

Asante dada. Mengi ni ya kawaida, mshubiri, mrehani. Lakini kuna vikopo vitatu vya Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, na hivyo ndivyo vinanikosesha usingizi. Nilivinunua sokoni hapa hapa, muuzaji Mjerumani akashangaa kwa nini nashika machozi. Hayo ni maua ya kwetu, yanaota kwenye miamba ya kivulini msituni, baba alikuwa akituonyesha tukienda kuteka maji. Yule bwana mkubwa wa Kijerumani wa Tanga, Saint Paul, ndiye aliyeyatuma huku, na aliyeyapa jina la Saintpaulia mwaka 1893 ni Wendland wa bustani ya Herrenhausen, napita pale na tram kila siku nikienda kazini. Majani yake ukiyamwagia maji baridi yanaingia mabaka, ndiyo maana yanataka kunywa kwa chini.

Mzee wa Pangani, Bremen

Wakayapa jina la mtu wao kana kwamba Wasambaa hawakuwa na macho. Na mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ya Lindi iko Berlin tangu kabla ya Vita vya Kwanza, watoto wetu tunawalipia kiingilio wakaione. Rais wao alifika Songea 2023 akaomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji, vizuri, nampongeza, lakini vitu virudi.

Baba Zawadi, Leipzig

Mzee hilo la mifupa hata kwetu kuna wanaosema ikirudi itawekwa wapi.

Mzee wa Pangani, Bremen

Itawekwa Lindi! Swali gani hilo.

Njeri, Köln

Mama Wawili, tarehe 30 napita Hannover na gari. Hizo kopo tatu nitazibeba nikae nazo mpaka urudi, kwa bakuli na uzi vile Mama Nasra amesema.

Mama Wawili, Hannover

Njeri mdogo wangu, Mungu akubariki, nitakupikia. Mama Nasra, uzi nimeshanunua, uko kwenye maji tangu jana. Sasa jamani ile barua. Kijana ameniletea karatasi zake za haftpflicht, kurasa 22, neno la Gefälligkeit hatulioni wote wawili. Siku zimebaki 9. Nani aliwahi kuwajibu Hausverwaltung barua kama hii, alianza kwa kuandika nini?